Sura ya 7: Barua ya Mwenye Seva

Huja kwa baruapepe, na mara nyingi huwa na lugha ya upole. Inasema kwamba kuanzia tarehe fulani seva ambako tovuti yako imepanga haitatoa tena toleo fulani la lugha ya programu, kwamba baada ya siku hiyo hutaweza kuingiza mabadiliko mapya, na kwamba dawati la msaada liko tayari kwa maswali. Mwenye tovuti anaisoma juujuu na kuiacha. Tovuti inafunguka, wateja wanaingia, malipo yanapita. Ya nini kugusa kitu kinachofanya kazi?

Swali hilo ni la haki, na mafundi wengi hulijibu vibaya. Huanza kumhesabia mwenye tovuti mazuri yote ya toleo jipya: hili lina kasi, lile lina namna fupi ya kuandika. Mwenye tovuti hakuomba lolote kati ya hayo. Jibu la kweli halina mvuto hivyo. Tovuti haisimami peke yake. Chini ya kurasa zako kuna fremuweki, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine ili usianze kila kitu mwanzo: kuingia kwa nenosiri, fomu, mazungumzo na hifadhidata. Chini ya fremuweki kuna lugha ya programu. Chini ya lugha kuna mfumo endeshi wa seva, ambao si wako na wala huugusi. Pembeni kuna maktaba ndogondogo, nyingine zimeandikwa na mtu mmoja kwa kujitolea baada ya saa za kazi. Kila tabaka lina tarehe yake ya kustaafu, na hakuna aliyekaa akazipanga tarehe hizo kwa pamoja.

Kwa hiyo kupandisha matoleo, ukiondoa mbwembwe, ni kazi ya kusoma kalenda. Unatafuta pale ambapo toleo la zamani la tabaka moja na toleo jipya la tabaka jingine bado yanaelewana, unasimama hapo, kisha unatafuta pengine. Anayeruka bila kutafuta mahali pa kusimama ndiye anayekesha.

Wenye seva nao hawafanyi hivi kwa ukorofi. Heroku, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 2007 ikiwahudumia watu wa lugha ya Ruby na baadaye ikanunuliwa na Salesforce, hujenga kila kizazi cha seva zake juu ya toleo la Ubuntu lenye huduma ya muda mrefu, na kukipa jina la mwaka wa toleo hilo. Kizazi cha 18 kilistaafishwa tarehe 30 Aprili 2023. Tovuti zilizokuwa hewani ziliendelea kuwa hewani, ila kuanzia siku iliyofuata hakuna aliyeweza kujenga toleo jipya la programu yake humo. Fikiria maana yake: kosa la herufi moja kwenye ukurasa wa bei, na huwezi kulirekebisha mpaka uhame kwanza. PythonAnywhere, huduma iliyozaliwa London, huyapa makazi yake majina ya mambo ya Uingereza kwa kufuata alfabeti: earlgrey, fishnchips, glastonbury, haggis, innit. Kila jina hubeba kundi lake la matoleo ya Python, na ukihama kutoka jina moja kwenda jingine, mazingira pepe uliyojenga kule, yaani folda ya Python na maktaba za tovuti yako, hayakufuati. Unayajenga upya.

Kwenye hosti za bei nafuu zenye cPanel, ambazo ndizo wengi wetu tunazozimudu, kisa kilichoudhi watu kuliko vyote kilitokana na hifadhidata ndogo ya SQLite. Seva nyingi za aina hiyo zilikaa miaka mingi juu ya CentOS 7, mfumo uliokuja na SQLite ya toleo 3.7.17. Mwezi Aprili 2019 fremuweki ya Django ilitoa toleo 2.2 na kutangaza kwamba haitakubali SQLite iliyo chini ya 3.8.3. Mtu aliyepandisha fremuweki yake kwa amri moja alikuta tovuti imekataa kuwaka, na ujumbe ukimwambia toleo linalohitajika na lile lililopatikana. Hakuwa na ruhusa ya kubadilisha mfumo endeshi wa seva ya watu. Alibaki na njia mbili: arudi nyuma, au ahamie hifadhidata nyingine kama MySQL. CentOS 7 yenyewe ilifikia mwisho wa huduma tarehe 30 Juni 2024.

Nimeitaja Django, na ndiyo nitakayoitumia katika sehemu iliyobaki ya sura hii, kwa kuwa historia yake na ya Python inaonyesha kila aina ya mtego. Ilizaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, mjini Lawrence, jimbo la Kansas, mwaka 2003, mikononi mwa Adrian Holovaty na Simon Willison, ikatolewa kwa umma Julai 2005, ikiwa na jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Alama ya gazeti lile bado imo ndani. Usipoiambia Django uko wapi, ndani kabisa ya mipangilio yake ya asili itadhani uko kwenye saa za Chicago, ambazo ndizo saa za Lawrence. Huku kwetu ina watu wake: Novemba 2023 kongamano la kwanza la DjangoCon Africa lilifanyika Zanzibar, na mwongozo wa Django Girls, warsha zilizoanzia Berlin mwaka 2014 kwa ajili ya wanawake wanaoanza kuandika programu, humwelekeza mwanafunzi aweke tovuti yake ya kwanza PythonAnywhere.

Python ndiyo lugha iliyo chini ya Django, na ndiyo iliyofanya jambo ambalo lugha nyingine zimeapa kutolirudia. Tarehe 3 Desemba 2008 ilitoka Python 3.0, nayo kwa makusudi haikuelewana na Python 2. Msimbo uliokuwa sahihi jana ulikataliwa leo. Guido van Rossum na wenzake walitaka kurekebisha makosa ya miaka ya tisini mara moja, yaishe. Walichokipata ni zaidi ya miaka kumi ya lugha mbili kuishi nyumba moja. Mwisho wa Python 2 ulipangwa kuwa 2015, ukasogezwa mwaka 2014 hadi tarehe 1 Januari 2020. Kulikuwa na watu waliotumia muda wote huo kujiandaa, na wengine walioutumia kusubiri kuona kama utasogezwa tena.

Chukua tovuti ya ushirika wa wafugaji wa maziwa, iliyoandikwa mwaka 2013 kwa Django 1.5 na Python 2.7. Wanachama wanaleta maziwa asubuhi, karani anaandika lita, mwisho wa mwezi tovuti inapiga hesabu na kutuma ujumbe wa simu kwa kila mfugaji. Ushirika wenyewe ni wa kubuni. Hitilafu nitakazozitaja ni za kweli. Barua imefika. Mwenye seva anataka Python ya sasa, na Django ya sasa yenye huduma ya muda mrefu ni 5.2, iliyotoka Aprili 2025.

Kishawishi cha kwanza ni kufungua faili la requirements.txt, kufuta 1.5, kuandika 5.2, na kuomba Mungu. Usifanye. Django hutoa onyo kabla ya kuondoa kitu: jambo likiamuliwa kufutwa, matoleo kadhaa hulibeba huku yakinung'unika kwamba litaondolewa, kisha linaondolewa. Manung'uniko hayo ndiyo ramani yako. Anayepita kituo kwa kituo anayasikia yote. Anayeruka kutoka 1.5 hadi 5.2 anakuta vitu vimeshaondolewa na hakuna aliyebaki wa kumweleza vilikwenda wapi wala kilichowekwa badala yake. Unapoendesha majaribio ya msimbo, ongeza -Wa kwenye amri ya python, maana bila hiyo maonyo mengi hunyamazishwa.

Vituo vyenyewe ni matoleo yenye huduma ya muda mrefu, na ukiyapanga mezani pamoja na matoleo ya Python yanayokubaliwa na kila moja, unaona jambo ambalo lingepaswa kuandikwa kwa wino mwekundu. Django 1.11, ya Aprili 2017, ni ya mwisho kukubali Python 2.7, na hapohapo inakubali Python 3.6. Django 2.2 inakubali 3.6. Django 3.2 inakubali 3.6 na pia 3.10. Django 4.2 inakubali 3.10. Django 5.2 nayo inakubali 3.10. Maana yake safari nzima ya zaidi ya miaka kumi inahitaji kubadili lugha mara mbili tu: mara moja ukiwa umesimama kwenye 1.11, na mara ya pili ukiwa umesimama kwenye 3.2. Kwingine kote fremuweki inapanda huku lugha imetulia. Hupandishi vyote viwili siku moja, kwa sababu kitu kikiharibika hutajua umshike nani.

Jambo jingine linalowaokoa wenye hosti za bei nafuu: vituo vya katikati havihitaji kuwepo kwenye seva. Huenda mwenye seva hana Python 3.6 na hatakuwa nayo tena. Haidhuru. Kompyuta yako inaweza kuwa nayo, pamoja na nakala ya hifadhidata, na humo ndimo unamopita kituo kimoja baada ya kingine. Seva inahitaji kujua pale ulipoanzia na pale unapofikia.

Kupanda kutoka 1.5 hadi 1.11 ukiwa bado na Python 2.7 kuna kero zake, lakini ni kero za kawaida. Kubwa ni mabadiliko ya jedwali za hifadhidata. Kabla ya toleo 1.7, la Septemba 2014, Django haikuwa na namna yake ya kuyafuatilia. Watu walitumia kifurushi cha South cha Andrew Godwin, ambaye ndiye aliyekuja kuandika mfumo uliomo ndani ya Django yenyewe. Unafuta mafaili ya South, unatengeneza mapya, kisha unaiambia Django kwamba jedwali hizo tayari zipo, isijaribu kuziumba tena. Neno lenyewe kwenye amri ni --fake-initial, na anayelisahau hukutana na hitilafu inayosema jedwali lipo, jambo ambalo kwa siku hiyo ni habari njema. Maktaba nazo zina warithi wake. PIL ya kushughulikia picha ilikufa na nafasi yake ikachukuliwa na Pillow. MySQL-python haikuwahi kuvuka kwenda Python 3, ila mrithi wake mysqlclient alivuka.

Kisha unafika kwenye 1.11, unabadili lugha, na hapo ndipo ngoma ilipo.

Watu wengi wakisikia Python 3 hukumbuka print iliyoongezewa mabano. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na kuna zana inayoifanya yenyewe. Mabadiliko yenye uzito ni mengine: Python 3 ilitenganisha maandishi na baiti. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba, na Python 2 ilikubali kuchanganya vitu hivyo viwili bila kuuliza, mradi herufi zilikuwa zile 128 za ASCII. Kifaransa kiliumia tangu siku ya kwanza, kwa lafudhi zake. Kiarabu na Kichina ndiyo usiseme. Kiswahili chetu cha herufi za Kilatini hakina lafudhi wala vitone juu ya irabu, kwa hiyo tovuti za Kiswahili zilizoandikwa vibaya zilifanya kazi vizuri. Miaka ikapita. Mwenye tovuti hakujua ana deni.

Deni lilidaiwa na ng'ombe, neno lenye alama kati ya g na o. Karani aliyeandika kwa kibodi ya zamani aliweka alama iliyonyooka, ile ya ASCII, na neno likawa na baiti 7. Akanunua simu ya kisasa. Simu, kwa adabu zake za uchapaji, ikabadili alama iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, U+2019 kwenye orodha ya Unikodi, ambayo katika UTF-8 hubeba baiti 3: E2, 80, 99. Sasa neno lilelile lina herufi 7 na baiti 9. Python 2 ilipolikuta mahali ilipotarajia ASCII, ilitupa hitilafu ikisema haiwezi kuisoma baiti 0xe2 iliyo nafasi ya 2. Hesabu mwenyewe ukianzia sifuri: n ni sifuri, g ni moja, alama ni mbili. Mwanachama mmoja mwenye ng' katika jina, aliyesajiliwa kwa simu, anatosha kuangusha orodha nzima ya wanachama, na kwa kuwa orodha ilifunguka vizuri jana, kila mtu atalaumu mtandao.

Dawa waliyozoea watu ilikuwa kumwaga encode na decode, amri za kugeuza maandishi kuwa baiti na baiti kuwa maandishi, kila palipouma. Hayo ndiyo makovu unayoyakuta siku ya kuvuka. Katika Python 3, mahali ambapo mtu alifanya encode pasipohitajika, maandishi yanageuka baiti na kubaki baiti, na yakichomekwa kwenye sentensi hayaleti hitilafu yoyote. Yanatoka hivi: Habari b'Asha', maziwa yako ya mwezi huu. Ujumbe kama huo ukishatumwa kwa wanachama wote hakuna wa kuurudisha. Kanuni ni fupi. Baiti zinageuzwa maandishi mlangoni, zinapoingia kutoka faili au mtandao; ndani ya programu yanatembea maandishi matupu; yanageuzwa baiti tena yanapotoka. Ukipekua msimbo wa zamani na kuondoa kila encode iliyo katikati ya nyumba, nusu ya safari umeimaliza.

Hitilafu zinazopiga kelele nazipenda. Unasoma, unarekebisha, unaendelea. Zinazotisha ni zile zinazobadili jibu kimya kimya, na kwenye tovuti inayolipa watu pesa zipo za kutosha. Katika Python 2, lita 45 ukizigawanya kwa siku 7 unapata 6, kwa sababu namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima sehemu ilikatwa. Python 3 inakupa 6.42 na ushee. Ipi ni sahihi? Inategemea aliyeandika alikusudia nini, na huenda hayupo tena. Kama alitaka kukata sehemu, weka mikwaju miwili badala ya mmoja. Baya zaidi ni round, amri ya kukadiria namba. Python 2 ilipokutana na 2.5 ilikwenda 3, kama tulivyofundishwa shule. Python 3 inakwenda 2, maana nusu kamili hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo jirani, ili makadirio mengi yasirundikane upande mmoja. Kitakwimu ni sawa kabisa. Mwambie hivyo mfugaji ambaye malipo yake yamepungua.

Kwa ajili ya hili kuna jaribio moja ninaloliamini kuliko yote, na halihitaji utaalamu wowote. Chukua mwezi uliokwisha kulipwa, endesha hesabu zake kwenye tovuti ya zamani na kwenye mpya, toa majedwali mawili, yalinganishe mstari kwa mstari. Kila tofauti ya shilingi ina maelezo, yatafute. Jaribio hilohilo litakamata na wale ambao lita zao hazikuandikwa siku fulani. Python 2 ilikubali kupanga orodha yenye namba na mahali patupu, patupu pakatangulia. Python 3 inakataa kulinganisha kitu na kisichokuwepo, na ripoti inasimama.

Kampuni kubwa nazo zilipita njia hii. Instagram, iliyojengwa juu ya Django, ilimaliza kuhamia Python 3 mapema mwaka 2017, na wahandisi wake Lisa Guo na Hui Ding walilieleza jambo hilo kwenye kongamano la PyCon la mwaka huo. Hawakutenga tawi la msimbo likaishi peke yake miezi kumi na kisha likashindikana kurudishwa kundini. Msimbo mmoja uliandikwa ukaeleweka na lugha zote mbili, huku kazi za kila siku zikiendelea, na seva zikahamishwa kidogo kidogo. Kwa msimbo wa namna hiyo wengi walitumia maktaba ya six, iliyopata jina lake kwa kuzidisha mbili kwa tatu. Ushirika wetu hauna wahandisi wa Instagram, lakini mbinu hiyo haina gharama: fanya msimbo uelewane na pande zote kabla hujahama, na siku ya kuhama inakuwa siku ya kawaida.

Baada ya kuvuka, kupanda kutoka 1.11 hadi 5.2 ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na mengi ni kubadilisha majina. Kuna kizuizi kimoja ambacho wengi hukipita kwa kubofya tu, nami naona ndicho chenye faida kuliko vyote. Kuanzia Django 2.0, ya Desemba 2017, kila jedwali linalotegemea jingine lazima liseme litafanya nini kile kinachotegemewa kikifutwa. Zamani hukuulizwa, jibu la asili lilikuwa kufuta vyote. Karani akimfuta mwanachama aliyejitoa, rekodi zake zote za maziwa zilikwenda naye, na jumla za mwaka uliopita zikabadilika bila mtu kugusa mwaka uliopita. Mafundi wenye haraka huandika CASCADE, yaani futa vyote, kila mahali ili onyo liondoke, na kwa kufanya hivyo huuthibitisha kwa maandishi uamuzi ambao hakuna aliyewahi kuufanya. Kwa lita na pesa, andika PROTECT: Django itakataa kumfuta mwanachama mwenye rekodi. Hili si swali la fundi peke yake. Mwite mhasibu.

Majina yaliyobaki nitayapitia haraka. Toleo 4.0 liliondoa ugettext, force_text na url ya kuandikia njia kwa mtindo wa zamani. Zana ya kutafuta na kubadilisha inatosha. Toleo hilohilo linataka kila anwani kwenye CSRF_TRUSTED_ORIGINS ianze na http:// au https://, na usipoiweka, kwenye hosti ambayo seva yake imekaa nyuma ya seva nyingine fomu zako zote zinaweza kurudisha 403 ilhali kurasa za kusoma tu zinafunguka kama kawaida. Toleo 5.0 limefanya utunzaji wa saa kwa kanda kuwa jambo la asili, kwa hiyo andika Africa/Nairobi au Africa/Dar_es_Salaam waziwazi. Zote ni saa tatu mbele ya ile ya ulimwengu. Ukisahau, maziwa yaliyoandikwa saa 7 usiku yanaweza kuhesabiwa siku iliyotangulia, na kama ni tarehe mosi, mwezi uliotangulia.

Si kila kinachobadilika ni kero. Django huhifadhi nenosiri kwa kulizungusha kwenye hesabu mara nyingi, ili mwizi wa hifadhidata apate tabu kulikisia. Mwaka 2012, katika toleo 1.4, ilikuwa mara 10,000. Katika 4.2 ni mara 600,000. Mwanachama akiingia kwa mara ya kwanza baada ya kuhama, nenosiri lake linahifadhiwa upya kwa kiwango kipya bila yeye kujua. Kwenye seva dhaifu kuingia kutachelewa kidogo. Acha kuchelewe.

Siku yenyewe ya kuhama inapaswa kuwa na kazi ndogo. Mazingira pepe mapya yamejengwa pembeni, yale ya zamani hayajaguswa. Mazingira pepe hayapandishwi toleo la Python kwa kurekebishwa; yamefungwa kwenye toleo yalikozaliwa, na anayejaribu kuyalazimisha hupoteza mchana. Nakala ya hifadhidata imechukuliwa, na si kuchukuliwa tu, imewahi kurejeshwa kwenye kompyuta nyingine na kufunguka. Saa ni ya usiku au alasiri tulivu, wala si asubuhi ya maziwa au tarehe ya malipo. Kama tovuti inapokea taarifa za malipo ya simu, kumbuka kwamba mtandao wa malipo hautajali kwamba unahama: pesa itakatwa, taarifa itagonga anwani yako, na usipoipokea, kazi ya kulinganisha taarifa ya benki na rekodi zako itafanywa kwa mkono. Jua mapema mtoa huduma wako hurudia kutuma mara ngapi, na kama harudii, hakikisha una njia ya kuuliza muamala mmoja mmoja.

Unaelekeza faili la WSGI, linaloiunganisha seva na tovuti yako, kwenye mazingira mapya. PythonAnywhere kuna kitufe cha kuwasha upya. Kwenye cPanel inayotumia Passenger unagusa faili la restart.txt ndani ya folda ya tmp. Usitazame ukurasa wa mbele, ambao karibu kila mara hufunguka. Fungua kumbukumbu za hitilafu kwenye dirisha jingine, kisha ingia kama karani, andika lita, futa, chapa ripoti, tuma ujumbe mmoja kwa simu yako mwenyewe, na jaribu jina lenye alama iliyopinda. Safisha akiba ya muda, kwa sababu vitu vilivyofungwa na Python mpya mara nyingi ile ya zamani haiwezi kuvifungua, na ukilazimika kurudi nyuma usiku huo utakuta tovuti ya zamani nayo imegoma. Watumiaji watatolewa nje na kutakiwa kuingia tena, waambie mapema.

Mazingira ya zamani yaache siku kadhaa, angalau mpaka malipo ya mwezi yapite, ndipo uyafute. Usiyafute kabla ya hapo kwa kudhani utaweza kuyajenga tena ukiyahitaji. Zana ya pip iliacha kuihudumia Python 2 Januari 2021, na tangu 2018 ghala la vifurushi la PyPI halipokei mawasiliano yenye usimbaji wa zamani ambao ndio pekee baadhi ya Python za enzi zile zinaujua. Mazingira ya mwaka 2013 yaliyofutwa hayarudi kirahisi, na yaliyoachwa seva ikizimwa yanazimika nayo.

Imebaki kalenda. Django 5.2 inahudumiwa hadi Aprili 2028, lakini Python 3.10, tuliyoitumia kama ngazi, inafikia mwisho wake Oktoba 2026. Tangu uamuzi wa mwaka 2019, Python mpya hutoka kila Oktoba na kila moja huhudumiwa miaka mitano. Django 5.2 inakubali pia 3.12, ambayo ina uhai hadi Oktoba 2028. Kwa hiyo wiki hiyohiyo, kabla fundi hajalipwa na kuondoka, mwambie apande hatua moja zaidi: fremuweki itulie kwenye 5.2, lugha iende 3.12, majedwali mawili ya malipo yalinganishwe tena. Kutoka 3.10 kwenda 3.12 kinachosumbua zaidi ni maktaba kongwe zinazotegemea distutils, iliyoondolewa katika 3.12. Msimbo wa ushirika wenyewe huenda usihitaji kuguswa hata mstari mmoja.